Mwalimu wa Kichina ameniita ng'ombe kwa nahau asiyoijua mwenyewe

Ndugu wanajukwaa, nimetoka darasani sasa hivi na damu bado inanichemka. Yule mwalimu, mnayemjua nyote mliopita mikononi mwake, amechora ng'ombe ubaoni, akaandika pembeni duì niú tán qín, kisha akaninyooshea chaki mbele ya darasa zima, eti kwa sababu nimeuliza mara ya pili kwa nini toni ya tatu (toni ni zile namna za kupandisha na kushusha sauti) hugeuka ya pili katika salamu nǐ hǎo. Watu walicheka hadi nikadhani paa litaezuka.

Maana yake ni kumpigia ng'ombe kinanda, kama sisi tunavyosema kumpigia mbuzi gitaa, na ni kweli kwamba Wachina huitumia kumsema msikilizaji asiyeelewa. Lakini ng'ombe ubaoni, jamani, tena mwenye pembe! Kisa chenyewe kimo katika maandishi ya kale ya Kichina yaitwayo Mouzi, yanayohesabiwa kuwa ya mwishoni mwa enzi ya ufalme wa Han: mwanamuziki Gongming Yi alimpigia ng'ombe wimbo wa hali ya juu, ng'ombe akaendelea kula majani, alipoiga mlio wa mbu na sauti ya ndama aliyepotea, ng'ombe yuleyule akatikisa mkia, akasimamisha masikio, akasikiliza. Aliyetakiwa kubadilika ni mpigaji! Ndiyo maana nahau hii humkosoa pia msemaji asiyejali anasema na nani, jambo ambalo mwalimu hakuligusa kwa kuwa alikuwa anamalizia kuchora kwato. Kwato, ndugu zangu!

Jibu la 1: Pole sana, mkuu, ila umetufikisha enzi ya Han na hiyo toni ya tatu bado hujaielewa.

Jibu la 2: Afadhali yako wewe uliyechorwa. Mimi nilifundishwa kwamba mǎmǎhūhū ni "hivyo hivyo tu", basi mteja mmoja wa Guangzhou aliponiuliza kazi yangu ya kufungasha mizigo ikoje, nikaijibu hiyo kwa unyenyekevu, naye akaelewa kwamba nafanya kazi kwa uzembe, akaupeleka mzigo kwa mwingine.

Mwenye uzi: Mkuu, mimi nimechorwa kwato!

Jibu la 3: Wa Guangzhou, hiyo mǎmǎhūhū ndiyo nimepewa niitungie sentensi ukurasa mzima kwa kesho, na tulichoambiwa ni kwamba inaandikwa kwa farasi wawili na chui milia wawili. Tafadhali ifungulie uzi wake leo hii.