Mgonjwa akishindwa kusema, nani aamue?

Mwanzisha mjadala, Mbeya
Wakuu, naleta jambo ambalo wazee wetu huliita uchuro. Je, mtu mwenye akili timamu aandike mapema tiba anazokubali na anazokataa siku akiwa mahututi, na amtaje atakayemsemea?

Mimi nasema aandike. Sasa hivi anayeamua ni mwenye pesa. Mama yuko wodini hapa Mbeya, saratani imeshaenea, daktari anashauri apewe dawa za maumivu arudi nyumbani Tukuyu. Mtoto wa Dar anapiga simu: "Mleteni Muhimbili, nalipa mimi." Mama anasafirishwa zaidi ya kilomita 800. Shangazi aliyemuuguza, anayejua kwamba mama alitaka kufia kwake, haulizwi. Unarudi mwili, na ng'ombe wameshauzwa. Yanatokea mno, na yananiuma.

Mkulima, Mafinga
Ndugu yangu, nakupinga. Karatasi hiyo wataishika wenye haraka ya kugawana shamba: "Mzee mwenyewe alikataa oksijeni." Tena mtu akiwa na afya husema hataki mashine, pumzi ikimbana anaitaka. Kwetu ukoo hukaa, wazee wakaamua. Na sisi Wakatoliki, uhai si wetu kuukatisha.

Mwanzisha mjadala
Hofu ya shamba ni ya kweli kabisa. Kwa hiyo mashahidi wasiwe warithi, na mgonjwa awe huru kubadili neno lake hata kwa mdomo, maadamu anajitambua. Ila masharti yasizidi: Mahakama ya Juu ya India iliruhusu maandishi haya mwaka 2018, ikataka hadi saini ya hakimu, na mwaka 2023 ikalazimika kulegeza.

Kuhusu Kanisa, tamko la Vatikani la mwaka 1980 linakataza kumuua mgonjwa kwa huruma. Lakini kifo kikiwa kimekaribia, linaruhusu kukataa tiba ya kurefusha tu mateso, huduma za kawaida zikiendelea. Anayekataa mashine ya kupumulia hajakataa morfini ya kutuliza maumivu, wala maji, wala kugeuzwa kitandani.

Ukoo ukae, sawa. Ukae na neno la mgonjwa mbele yake.

Muuguzi, Njombe
Mnasahau jambo moja. Mgonjwa analetwa usiku, karatasi imefungiwa kabatini kwa mtoto wa kwanza. Sisi tutajuaje? Nakala ikae kwenye faili lake hospitali, nyingine kwa huyo msemaji, na namba yake ya simu iandikwe juu.