Safari za kikazi kutoka Tanga: nibaki na mpango upi wa maili?

Pongwe_Mkonge
Wadau, habari za leo. Ofisi iko Tanga, kazi ni mkonge. Ratiba ya mwaka haibadiliki sana: Nairobi kila mwezi, Guangzhou mara mbili, Istanbul mara moja, na Amsterdam ikitokea. Tiketi ni za ekonomi, anakata wakala, analipa mwajiri. Kadi za maili, yaani pointi za wasafiri wa ndege, ziko nne za mashirika tofauti, na hakuna hata moja yenye maili za kutosha kufanyia jambo. Ninachotaka hasa ni launji (chumba cha kupumzikia uwanjani) pale unaposubiri ndege saa tisa usiku, na kilo za ziada kwa ajili ya sampuli. Tiketi ya bure ikija, heri. Nibaki na mpango upi? Na kwa mtu wa Tanga, Mombasa ni uwanja wa kufikiria au nishikilie Dar?

Raskazone
Mkuu, kwanza tenganisha vitu viwili. Kuna maili za kutumia, ambazo unanunulia tiketi, na kuna maili za hadhi, ambazo zinakupandisha ngazi halafu zinafutwa mwisho wa kipindi chako. Launji na kilo vinakuja na hadhi. Unaweza kuwa na maili laki moja za kutumia na mlango wa launji ukafungwa usoni pako.

Pili, chagua muungano wa mashirika badala ya shirika moja. Ethiopian na Turkish wote wako Star Alliance, na namba moja ya uanachama unaitumia kwa wote wawili. Ukifika ngazi ya Gold ya Star unapata launji pamoja na mgeni mmoja hata ukiwa na tiketi ya ekonomi, na kilo 20 za ziada, au begi moja kwa mashirika yanayohesabu mabegi. Kwa Miles&Smiles, mpango wa maili wa Turkish, ngazi hiyo inaitwa Elite. Inahitaji maili 40,000 za hadhi ndani ya miezi 12, na ukishaipata unakaa nayo miaka 2.

Piga hesabu. Dar hadi Istanbul ni kama maili 3,400, Istanbul hadi Guangzhou kama 4,900. Kwenda na kurudi Guangzhou ni 16,600, mara mbili ni 33,200. Ongeza Istanbul yenyewe 6,800. Jumla 40,000.

Bandari_Kuu
Hesabu ya Raskazone ni sahihi kwenye karatasi tu. Inadai kila kipande kilipe maili kwa asilimia 100, na tiketi za ekonomi za bei ya chini hazilipi hivyo. Kila tiketi ina herufi ya klasi, na herufi hiyo ndiyo inayoamua kama utapata asilimia 100, 50, 25 au sifuri. Klasi moja ya bei poa ikiingia katikati, 40,000 haifiki. Tena inamzungusha mtu Guangzhou kupitia Istanbul wakati Addis ni njia fupi zaidi, na akipita Addis jumla inashuka. Halafu zile safari za Nairobi za kila mwezi, ambazo ndizo nyingi, haziingizi chochote kwenye mpango huo.

Kwa ratiba hii mimi naipa SkyTeam, muungano wa Kenya Airways (KQ) na KLM. KQ wana mpango wao, Asante Rewards, lakini namba ya kuweka kwenye tiketi ni ya Flying Blue, mpango wa Air France na KLM. Sababu ni kwamba Flying Blue hawahesabu hadhi kwa maili. Wanahesabu XP, yaani pointi za hadhi, kwa kila kipande cha safari. Kwa ekonomi, safari ya kimataifa isiyofika maili 2,000 ni XP 5, ya maili 2,000 hadi 3,500 ni 8, hadi 5,000 ni 10, na zaidi ya hapo ni 12. Daraja la biashara ni mara tatu. Kwa hiyo Dar–Nairobi, ambayo ni maili 400 na ushee na kwingine inakupa makombo, hapa inakupa 5 kamili, mradi klasi yako iwe kwenye orodha yao ya zinazolipa.

Nairobi kwenda na kurudi ni 10, kwa mwaka 120. Guangzhou kwa KQ ni 5 kufika Nairobi na 12 kutoka hapo, kwenda na kurudi 34, mara mbili 68. Jumla 188, na Amsterdam haijaguswa.

Ila kuna kitu watu hawakioni mapema. Silver ni XP 100 na Gold ni 180, lakini huruki ngazi. Ukifika 100 unapewa Silver, zile 100 zinakatwa, kinachobaki kinaingia kwenye kipindi kipya cha miezi 12, halafu unaanza kuitafuta 180. Silver haikupi launji za muungano, Gold ndiyo inakupa. Kwa hiyo kwa mwendo wako, Silver ni baada ya nusu mwaka na zaidi kidogo, na Gold ni mwaka unaofuata. Anayekuahidi launji kabla ya hapo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Istanbul iweke Miles&Smiles pembeni. Emirates na ATCL (Air Tanzania) zisahau. Emirates Skywards ni nzuri kwa anayekwenda Dubai mara kwa mara, Silver yao ni maili 25,000 za ngazi, lakini hawamo kwenye muungano wowote, kwa hiyo Nairobi yako kwao haikuingizii kitu. ATCL nao hawamo kwenye muungano, hata kama Guangzhou wanakwenda.

Dirisha_la_Tiketi
Naongezea ya mezani, kwa sababu maili nyingi zinapotelea kwa wakala hata kabla ndege haijaruka.

Jina. Akaunti na tiketi visome sawasawa na pasipoti. Kwenye mfumo wa tiketi jina linaandikwa kwa kuunganishwa, mfano OMARI/MOHAMEDSAIDMR. Ile MR mwishoni haina shida. Shida ni pale akaunti imefunguliwa Said Mohamed na tiketi inasema Omari. Mfumo unaikataa namba kimyakimya.

Namba ya mpango impe wakala wakati anakata tiketi, halafu hakiki kaunta kwamba imechapwa kwenye bodingi pasi. Kama haipo, iwekwe hapohapo.

Tiketi ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni shirika lililoitoa: 706 ni KQ, 071 Ethiopian, 235 Turkish, 074 KLM, 176 Emirates. Lakini angalia pia ndege yenyewe inarushwa na nani. Namba ya safari ikiwa ya shirika moja na ndege ya jingine, jedwali la maili linabadilika. Tiketi za kundi na za bei maalumu ya wakala mara nyingi hazilipi kabisa. Muulize klasi kabla hajatoa tiketi, kwa sababu ikishatoka kuibadilisha kuna faini.

Usitupe bodingi pasi mpaka maili zimeingia. Kudai baadaye kunawezekana, lakini kuna ukomo wa miezi kadhaa, na watakutaka namba ya tiketi na bodingi pasi yenyewe.

Tiketi ya maili nayo si bure hivyo. Kodi za viwanja unalipa, na kuna tozo ya shirika inayoonekana kwa alama YQ au YR. Kwa baadhi ya mashirika tozo hiyo inakaribia bei ya tiketi ya kawaida. Tazama jumla kabla hujabonyeza.

Na mwambie mhasibu kampuni ifungue akaunti yake ya bluebiz, mpango wa makampuni, kwa KLM. Kampuni inapata chake na wewe maili zako zinabaki palepale. Haziibiani.

Horohoro_Kwetu
Kuhusu uwanja. Mombasa haifiki kilomita 200 kutoka Tanga, Dar ni kama 350, kwa hiyo kishawishi ninakielewa. Uwanja wa Moi uko bara upande wa Changamwe, lakini siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, huna haja ya kupanga foleni ya kivuko cha Likoni. Gari la kwako lina bima ya COMESA ya kuvukia mpaka? Kadi ya homa ya manjano ikae ndani ya pasipoti.

Lakini kwa mpango wa Bandari_Kuu, Mombasa inakupunguzia. Mombasa–Nairobi ni safari ya ndani ya nchi, XP 2 badala ya 5. Kila Nairobi moja umepoteza 6, kwa mwaka 72, na Gold imeyeyuka. Mombasa ina maana ukienda na Ethiopian au Turkish, kwa sababu hapo kipande cha kwanza tayari ni cha kimataifa.

Ukitaka kuruka Tanga–Dar kwa Caravan, ile ndege ndogo, kumbuka mzigo ni kilo 15, inatua Terminal 1 na ndege za nje ziko Terminal 3, na ni tiketi mbili tofauti. Ya kwanza ikichelewa, ya pili hawakusubiri wala hawakulipi. Kwa safari ya Guangzhou shuka Dar siku moja kabla.

Pongwe_Mkonge
Nimewaelewa wakuu. Swali moja: XP za safari za miezi iliyopita naweza kuzidai?

Dirisha_la_Tiketi
Ulizosafiri kabla ya kufungua akaunti, usizitegemee. Fungua leo. Na kama kwenye safari hizo namba ya mpango mwingine iliingia na maili zikalipwa huko, hizo hazihamishiki.