Miaka mitatu kwenye nondo, sasa wanataka niende stoo: nikubali au nibaki?

BintiWaIhumwa

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa kwa mlio saiti na dada zangu mliotangulia.

Nina miaka 28, mama wa mtoto mmoja wa miaka minne, naishi Dodoma. Nina stashahada ya uhandisi ujenzi. Nilipomaliza chuo nilizunguka na bahasha karibu mwaka mzima, mwisho nikaona bora niingie saiti kwa mlango wowote utakaofunguka. Nikaanza kama saidia fundi: kuchekecha mchanga, kupokezana ndoo za zege. Mzee mmoja fundi nondo aliponiona nasoma mchoro bila kuuliza akanivuta kwake. Huu ni mwaka wa tatu nakata, nakunja na kufunga nondo, na orodha ya kukata nondo ya jengo zima naiandaa mimi. Ila malipo bado ni ya saidia fundi, elfu 18 kwa siku. Wanaume ninaofanya nao kazi ileile wanalipwa elfu 30.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa kwenye bimu za ghorofa ya kwanza. Mchoro unataka ringi, yaani vyuma vya kuzungushia nondo za bimu, kila mm 150 karibu na nguzo, kisha mm 250 katikati. Wenzangu walipiga 250 mwanzo mwisho ili tuwahi zege la kesho yake. Nikasema. Foromani akaniambia mbele ya watu wote kwamba mwanamke akizoea saiti anajiona injinia. Asubuhi mhandisi mshauri alipokuja kukagua alikataa, tukafungua bimu nne na kurudia. Hakuna aliyenishukuru, na foromani tangu siku hiyo salamu yangu haitiki.

Jana meneja wa mradi akaniita. Anasema mimi ni mwaminifu, nahesabu vizuri, kwa hiyo nihamie stoo. Mshahara laki nne na nusu kwa mwezi, mkataba wa mwaka, kazi ya kivulini. Mama yangu amefurahi mpaka kapiga simu kwa shangazi. Mimi sijalala. Naogopa nikitoka kwenye nondo sitarudi. Je, nakosea kufikiria hivi wakati nina mtoto?

Mchapa Zege

Dada pole na kazi. Piga hesabu kwanza. Elfu 18 mara siku 26 ni 468,000. Kwa juu juu unaona stoo inalipa kidogo kuliko ulipo, yaani pungufu ya elfu 18 tu. Lakini kibarua hana siku 26. Mvua ikinyesha hakuna, saruji ikichelewa hakuna, mtoto akiugua hakuna. Mimi mwaka jana nilihesabu siku zangu, kuna miezi niliambulia siku 15. Mkataba wa mwaka maana yake michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, inaingia na bima ya mtoto unaweza kuidai. Mimi ningekubali.

nyota_ya_Nala

Kubali dada. Nondo haina mwenyewe, mgongo ni wako.

Mama Lipu

Mwanangu, nimesoma mara mbili ndipo nikaamua kuandika, maana umenirudisha mbali.

Mimi ni fundi wa lipu na tailizi, nina miaka 24 kwenye kazi hii, nilianzia Dar es Salaam. Mwaka wangu wa pili nilikuwa tayari nashika mwiko, ukuta wangu ukiwekewa rula ya mita mbili hauchezi. Siku moja aliyekuwa anapikia mafundi akaondoka. Msimamizi akasema, "Wewe ni mwanamke, shika jiko wiki hii tu." Wiki ile ikawa miaka mitatu. Walinilipa vizuri kuliko saidia fundi, sikatai, na nililelea watoto kwa pesa hiyo. Niliporudi kwenye ukuta mkono ulikuwa umesahau, na wavulana niliowafundisha kuchanganya mchanga walikuwa mafundi wakuu wananituma maji. Ilinichukua miaka mingine miwili kuwafikia. Hakuna aliyenifukuza kwenye ufundi. Nilisogezwa tu taratibu, kwa maneno mazuri, na kila mara ilionekana kama wananisaidia.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, usitoke kwenye nondo. Lakini pia usibaki kama ulivyo sasa. Unafanya kazi ya fundi kwa malipo ya saidia fundi, na hakuna karatasi hata moja inayosema wewe ni fundi. Hilo ndilo tatizo lako kubwa kuliko stoo. Kesho kampuni ikimaliza mradi utatoka na nini mkononi? Nunua daftari. Kila siku andika tarehe, sehemu ya jengo, ulichofanya, nondo za milimita ngapi, nani alikagua. Piga picha kabla zege halijamwagwa, maana likishamwagwa kazi yako imezikwa na hakuna atakayeiona tena. Sisi wa lipu angalau ukuta unabaki unaonekana. Nyinyi wa nondo mnafukiwa.

Mhandisi Dada

Nimependa ulivyosimamia ringi. Kwa faida ya wasomaji wengine: karibu na nguzo ndipo nguvu ya kukata bimu inapokuwa kubwa, ndiyo maana ringi hubanana pale. Foromani aliyepuuza hilo hakukosea jambo dogo, na wewe hukujiona injinia, ulisoma mchoro.

Sasa kwenye karatasi, namuunga mkono Mama Lipu. Una stashahada, kwa hiyo Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, inakuhusu. Watu wengi wanadhani ni ya wenye digrii peke yao, lakini inasajili pia mafundi sanifu. Anza huko. Baadaye ukisoma digrii kuna mpango wa SEAP wa mafunzo kwa vitendo ya miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa, ulianza mwaka 2003, na sisi wanawake wengi tumepitia hapo hadi kuwa wahandisi wataalamu. Wale wasio na cheti chochote lakini mkono wanao, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inapima ujuzi uliojifunza kazini na kukupa cheti bila kukurudisha darasani mwaka mzima.

Kuhusu stoo sikubaliani kabisa na mama yangu hapo juu. Stoo si jiko. Ukiwa na akili ya nondo, stoo inaweza kukufundisha makisio, na makisio ndiyo yanayotenganisha fundi na mkandarasi. Mfano: nondo ya mm 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa kuwa na uzito wa kilo 10.7 hivi. Unachukua kipenyo, unazidisha kwa chenyewe, unagawa kwa 162, unapata kilo kwa mita. Mizigo mingapi inapokelewa saiti bila kupimwa, na ni myembamba? Mtunza stoo anayejua hili ni hazina.

Mama Lipu

Mhandisi, mwanangu, hesabu zako sizipingi. Lakini mwambie na upande wa pili. Mifuko 20 ya saruji ikipotea usiku, anaulizwa nani?

Mhandisi Dada

Ni kweli mama, anaulizwa yeye. Hilo nilipaswa kulisema. Niliwahi kuona mtunza stoo mwanamke akikatwa mshahara miezi minne kwa mzigo uliotoka kwa amri ya mkubwa wake, amri ya mdomo. BintiWaIhumwa, ukienda stoo usitoe hata msumari bila hati yenye saini. Na yule foromani asiyeitikia salamu ndiye atakayekuja kuchukua vitu kila siku. Lifikirie hilo.

Kaka Timazi

Naomba nizungumzie malipo, watu wamelipita. Elfu 18 dhidi ya elfu 30 kwa kazi ileile, kama sababu ni jinsia, si mila za saiti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi huo. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inapokea malalamiko: ukiachishwa kazi una siku 30, migogoro mingine siku 60. Sikushauri uanze na CMA kesho asubuhi. Nakushauri uende kwa meneja ukijua kwamba ipo, utaongea ukiwa umetulia zaidi.

Na kwa dada wanaofikiria kupata mtoto mwingine: mwajiriwa ana siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, mapacha siku 100. Kibarua asiye na mkataba kulipata hilo ni vita. Ndiyo maana mkataba usiudharau, uwe wa stoo au wa nondo.

ZawadiM

Jamani mimi ni saidia fundi Mwanza, naomba niulize jambo ambalo halijatajwa. Choo mnafanyaje? Saiti yetu wanaume wanaenda nyuma ya tofali. Mimi nanywa maji nikirudi nyumbani tu, na jua hili.

Mama Lipu

Zawadi, usifanye hivyo, figo hazina spea. Mimi niliugua kwa tabia hiyohiyo. Choo si hisani, masuala ya usalama na afya kazini yana sheria tangu mwaka 2003 na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wanakagua saiti. Ila usiende peke yako kwa msimamizi. Kusanyeni wanawake wote wa hapo, pamoja na mama lishe, na mafundi wazee wenye mabinti. Sisi mwaka ule tulijengewa cha mabati ndani ya siku mbili tulipokwenda sita. Nilipokwenda mwenyewe nilikuwa nimeambiwa nitaona.

BintiWaIhumwa

Nawashukuru sana. Mama Lipu, nililia niliposoma kuhusu jiko. Swali: nikimwambia meneja nataka mkataba lakini wa nondo, si atanifukuza?

Mhandisi Dada

Ana sababu gani? Amekuita yeye. Jengo lina slabu ngapi zimebaki? Bila orodha yako ya kukata nondo atapoteza vipande kila siku, na nondo ni pesa. Peleka hesabu: onyesha mabaki yalikuwa kiasi gani kabla hujaanza kuiandaa na sasa ni kiasi gani. Usimwambie habari za haki kwanza, mwonyeshe tani.

Na usiishie kufikiria saiti hii. Bodi ya Usajili wa Makandarasi ina madaraja saba kwa kampuni za majengo, wengi huanzia la saba. Kwenye manunuzi ya umma asilimia 30 hutengwa kwa makundi maalumu, wanawake wakiwemo, na zabuni zenyewe zinapita kwenye mfumo wa manunuzi wa serikali wa mtandaoni, NeST. Halmashauri nayo inakopesha vikundi bila riba, asilimia 4 ya mapato yake ya ndani ni ya wanawake. Hayo yote yapo, lakini yanamkuta aliyejiandaa kwa karatasi.

Mchapa Zege

Nabadilisha ushauri wangu. Sikuwa nimejua kwamba orodha unaandaa wewe. Omba mkataba wa nondo.

BintiWaIhumwa

Mrejesho wakuu, imepita wiki.

Nilikwenda Jumatatu na daftari. Nilikuwa na vipimo vya mabaki vya miezi mitano, vya kwanza alivipima yule mzee fundi nondo. Meneja alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini sikuleta siku zote. Sikuwa na jibu. Amekataa elfu 30. Amekubali elfu 25 kwa sasa na mkataba wa miezi sita, kazi imeandikwa fundi nondo. Stoo wamempa kijana mwingine. Foromani bado haitikii salamu, lakini jana alinituma mtu aniulize urefu wa kupishanisha nondo za nguzo, na nilimjibu vizuri. Mama yangu amenuna, ila amekubali kukaa na mtoto siku za zege la usiku.

Nimeanza kuandaa maombi ya ERB. Mama Lipu au Mhandisi, barua ya kuthibitisha uzoefu nimwombe meneja au mhandisi mshauri?

Mhandisi Dada

Omba zote mbili. Iwe kwenye karatasi ya kampuni, yenye muhuri na tarehe ya kuanza kazi. Na waandike kazi uliyofanya, jengo la ghorofa ngapi na sehemu zipi. Wakikuandikia tu kwamba una nidhamu, irudishe waandike upya.