Mtoto wa Septemba na mtoto wa Agosti: waingie darasa gani shule ya mtaala wa Uingereza?

Mzazi_wa_Wawili

Habari za humu, wakuu. Tunahamishia watoto wawili shule ya kimataifa inayofuata mtaala wa Uingereza, wanaanza Septemba 2026. Mdogo kazaliwa 4 Septemba 2021, wamempangia Risepsheni (darasa la kabla ya Mwaka wa 1). Mkubwa kazaliwa 20 Agosti 2019, sasa yuko la kwanza shule ya kawaida na anasoma kwa Kiswahili. Huyo wamempangia Mwaka wa 3. Yaani anayetimiza mitano anapelekwa kucheza, na ambaye la kwanza hajalimaliza anarushwa hadi la tatu.

Naomba wanaojua: (1) hesabu hii ni sahihi au shule inavuta ada ya mwaka mmoja zaidi kwa mdogo? (2) Mkubwa ataziba vipi pengo la Kiingereza? (3) Nitajuaje kama shule ni ya mtaala huo kweli au ni bango tu la getini?

Rejesta

Hesabu ni sahihi na haihusiani na akili ya mtoto. Mpaka wa darasa ni tarehe 31 Agosti. Chukua umri aliokwisha kuutimiza siku hiyo, toa 4, jibu ndilo namba ya Mwaka. Ukipata sifuri ni Risepsheni. Mdogo wako 31 Agosti 2026 bado ana miaka 4, kwa hiyo Risepsheni. Mkubwa ana 7, kwa hiyo Mwaka wa 3. Mdogo atakuwa miongoni mwa wakubwa kabisa darasani kwao, mkubwa miongoni mwa wadogo kabisa. Tofauti yake na mwenzake aliyezaliwa Septemba 2018 inakaribia mwaka mzima, na kwa umri huo mwaka ni mwingi.

Unaruhusiwa kuomba Mwaka wa 2. Atazidi darasa hilo kwa siku 12 tu, hakuna atakayegundua. Faida yake ni kwamba Mwaka wa 2 bado unamalizia misingi ya kusoma, na majedwali ya kuzidisha ya 2, 5 na 10 yanafungwa hapo. Mwaka wa 3 unachukulia hayo yameisha na unaendelea na 3, 4 na 8. Wakikubali, pata kwa maandishi kwamba nafasi hiyo itadumu mpaka amalize Mwaka wa 6. Shule nyingine humkubali mtoto chini ya umri wake, kisha baada ya miaka miwili zinataka aruke darasa "kurekebisha umri". Hapo ndipo watoto huumia. Waulize pia sekondari mnayoitazamia kama watampokea Mwaka wa 7 akiwa amezidi umri wa wenzake.

Chaki_Nyeupe

Nisingeomba Mwaka wa 2 kabla ya kumpima. Dakika kumi nyumbani zinatosha.

Andika maneno haya yasiyo na maana: *mip, tob, shob, fesk, plarn, zafe*. Mwambie ni majina ya mazimwi, ayasome. England wana kipimo cha namna hii: Juni ya Mwaka wa 1 mtoto husoma maneno 40, 20 ya kweli na 20 ya kubuni, na kwa miaka mingi alama ya kufaulu imekuwa 32. Neno la kubuni lina faida moja: halijawahi kukaririwa. Aliyekariri sura za maneno hukwama papo hapo.

Akikwama kwenye *mip* na *tob*, hajui kuunganisha sauti za herufi moja moja. Huyo ni Mwaka wa 2, tena na msaada. Akiyasoma hayo lakini *zafe* akaitamka za-fe, anasoma kwa kanuni za Kiswahili, na hilo ni jambo jepesi zaidi. Kuunganisha sauti tayari anajua. Hajafundishwa tu kwamba *e* ya mwisho haitamkwi na inabadilisha irabu iliyo nyuma yake. Na kama anasoma yote vizuri ila haelewi hadithi fupi, pengo ni la msamiati. Kumuongezea foniki (kusoma kwa kuunganisha sauti za herufi) hakutamsaidia, anahitaji kusomewa vitabu kwa wingi na kuzungumza.

Sasa makosa yanayojirudia kwa watoto waliojifunza kusoma kwa Kiswahili. Sisi tunasoma kwa silabi, ba be bi bo bu, konsonanti haiachani na irabu yake. Foniki inashuka chini ya silabi. Ndiyo maana mtoto huongeza irabu mwishoni (*cat* inakuwa "keti") na katikati (*strong* inakuwa "sitirongi"). Mara nyingi ni mtu mzima anayempandikizia kosa hilo kwa kumfundisha kuwa herufi b ni "ba". Ukisema ka-a-ta hata mara mia, *cat* haitoki. Sauti iwe kavu: m, s, f, n unaweza kuzivuta, p, t, k, b zikate upesi bila mkia. Majina ya herufi (ei, bii, sii) yaweke kando mpaka sauti zikae.

Irabu ndiyo kazi kubwa. Kiswahili kina tano. Kiingereza kina sauti 44 hivi, na karibu 20 kati yake ni irabu. Sikio letu linasikia *cat*, *cut* na *cart* kama neno moja, vilevile *ship* na *sheep*. Mtoto asiyesikia tofauti hawezi kuiandika, hata umpe imla kila jioni. Tumia kadi za picha: taja neno, yeye aoneshe picha. Akipatia mfululizo ndipo aanze kuandika. Kwa upande mwingine, sauti za sh, ch, th, dh na ng' anazo tayari, ambazo watoto wa lugha nyingine huhangaika nazo. Abadilishe tu maandishi: dh yetu wao huiandika *th* pia.

Mpangilio: programu nyingi huanza na s, a, t, p, i, n kwa sababu hizo sita peke yake zinatoa *sat, pin, tap, nip*, na mtoto anasoma maneno wiki za mwanzo kabisa. Kisha herufi moja moja zilizobaki, herufi mbili zenye sauti moja (*sh, ee, ar*), na mwisho sauti moja yenye tahajia kadhaa (*rain, day, cake*). Dakika 10 hadi 15 kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi. Kitabu cha kusoma mwenyewe kiwe na sauti alizokwisha kufundishwa tu. Ukimwona anatazama picha kabla ya neno, kitabu kimemzidi.

Kalamu_Mbao

Yote sawa, ila miaka mitano bado mchanga na maji? Shule za kawaida umri huo anaandika ukurasa mzima na kuhesabu hadi mia.

Mlezi_Awali

@Kalamu_Mbao kuhesabu hadi mia ni kama kuimba, mtoto anaweza kufanya hivyo bila kujua 7 ni kubwa kuliko 5. Malengo ya mwisho wa Risepsheni kwenye EYFS, mfumo wa elimu ya awali wa England, yako 17, na la namba linadai kitu kigumu zaidi: aijue 10 kwa undani na jinsi inavyogawanyika, atazame vitu hadi 5 aseme idadi bila kuhesabu, akumbuke kwa kichwa jozi zinazofanya namba hadi 5 na baadhi ya zinazofanya 10. Kuhesabu kwa mdomo ni kupita 20 tu. Kwenye kuandika, anatakiwa atoe sentensi fupi ambazo mtu mwingine anaweza kuzisoma. Kwa hiyo kuandika kupo. Mchanga, udongo wa kufinyanga na kupanda ngazi vinajenga bega na vidole vitakavyoshika hiyo penseli. Mtoto anayebanwa kuandika kabla ya hapo hukamata penseli kwa ngumi, na mshiko huo kuuvunja baadaye ni kazi.

Mzazi, swali lako la tatu. Neno "Uingereza" kwenye bango linaweza kumaanisha mtaala wa taifa wa England, Cambridge Primary ambao ni mtaala mwingine wa hatua 1 hadi 6, au mchanganyiko wa vyote. Uliza ni upi, kwa darasa lipi. Kisha uliza kama shule imekaguliwa chini ya mpango wa British Schools Overseas, unaotambuliwa na Wizara ya Elimu ya Uingereza, na uombe ripoti yenyewe uisome. Uanachama wa chama cha shule kama COBIS (chama cha shule za kimataifa za Uingereza) ni jambo jingine, usikubali ujibiwe huo ulipouliza ukaguzi.

Halafu omba mfano wa ripoti ya Risepsheni, jina limefutwa. Tangu 2021 kila lengo lina majibu mawili tu, amefikia au bado anaelekea. Ripoti yenye daraja la tatu la "amezidi" inatumia mfumo wa zamani, na shule ambayo haijagundua hilo inakupa picha ya mengine.

Idadi ya watoto kwa kila mtu mzima: England, watoto wa miaka 2 ni mtu mzima mmoja kwa watano. Kuanzia miaka 3 ni mmoja kwa 13 kukiwa na mwalimu mwenye sifa, vinginevyo mmoja kwa 8. Darasa la Risepsheni halipaswi kuzidi 30 kwa mwalimu. Shule iliyo nje ya nchi hiyo haifungwi na sheria hizo, lakini ikijiita ya mfumo huo iseme inasimama wapi. Na muda wote watoto wanapokuwepo, awepo mtu mwenye cheti hai cha huduma ya kwanza kwa watoto. Hudumu miaka 3, tazama tarehe.

Nenda siku ya masomo, si siku ya maonesho. Kuta zikiwa na michoro 20 inayofanana, watoto wamepaka rangi kazi ya mwalimu.

Rejesta

Naongeza moja kuhusu mdogo. Akikaa kimya darasani wiki au miezi ya mwanzo, usishtuke. Anayeingia lugha mpya husikiliza kwanza. Wakikuambia ana tatizo la kuongea, waulize kama wamechunguza Kiswahili chake. Mfumo wenyewe wa EYFS unataka hivyo: Kiingereza kikiwa hafifu, walimu wakae na mzazi waangalie lugha ya nyumbani kabla ya kusema mtoto amechelewa. Na msiache Kiswahili nyumbani ili "azoee". Kiingereza cha kuchezea hupatikana mwaka mmoja au miwili. Cha masomo huchukua mitano hadi saba, na mtoto hukijengea juu ya lugha anayoifahamu vizuri.

Mzazi_wa_Wawili

Asanteni sana. Nimempima mkubwa: mip, tob, shob sawa. Fesk kaweka "i" mwishoni. Plarn na zafe kashindwa, kasema za-fe. Kujumlisha na kutoa ndani ya 100 yuko vizuri. Hapo ni la ngapi?

Chaki_Nyeupe

Hapo ningekubali Mwaka wa 3, kwa sharti. Waandike watakachompa: kikundi cha foniki cha watoto wachache, kila siku, kuanzia herufi mbili na *e* ya mwisho, pamoja na vipindi vya mwalimu wa Kiingereza kwa wageni wa lugha. Wataje nani anafundisha na dakika ngapi, na wakupimie tena kabla ya mapumziko ya katikati ya muhula, yaani baada ya wiki sita au saba. Angalia pia vipindi hivyo anakosa somo gani. Asitolewe kwenye hesabu, ndiko anakofanya vizuri. Wasipokubali kuandika, rudi kwenye ombi la Mwaka wa 2 kama alivyoeleza Rejesta.

Nyumbani, kati ya sasa na Septemba: jedwali la 2, la 10, kisha la 5, kwa Kiswahili kwanza hadi ajibu bila kuhesabu vidole, ndipo namba zenyewe kwa Kiingereza. Mwaka wa 4 kuna kipimo cha maswali 25 ya kuzidisha hadi 12 × 12, sekunde 6 kila moja, na sekunde 6 hazitoshi kutafsiri kichwani.