Naomba ushauri: misheni Turkana bila lugha

Bwana asifiwe wapendwa. Kanisa letu la Kipentekoste hapa Kayole linatuma vijana Turkana Agosti: kuombea wagonjwa mchana, jioni mkutano wa injili kwa spika na jenereta. Moto upo kweli, ila hakuna anayejua Kiturkana. Wazee wanasema Roho atawapa usemi. Nimewaeleza jinsi Alfred Garr, mmishonari Mmarekani, baada ya uamsho wa Kipentekoste wa Azusa Street, Los Angeles, wa 1906, alivyofika Calcutta, India, akitarajia kunena Kibengali bila kujifunza, ikashindikana, akaishia kuwahudumia wamishonari waliokuwa huko. Wananiona sina imani. Inaniuma, maana roho za watu si jambo la kubahatisha.

Mliohudumu huko, mkalimani wa Lodwar atatosha, au tuahirishe vijana wajifunze lugha kwanza? Na wazee niwaendee vipi bila kuleta mgawanyiko?