Port (mvinyo mtamu wa Ureno ulioongezwa pombe kali) ya 1963 iliyopungua au ya 1970 iliyojaa, nichukue ipi?

mzigua_leeds
Wakuu naombeni ushauri, baba mkwe wangu Mreno kazaliwa 1963, sasa mnadani huku Uingereza nimekuta port ya kampuni ya Fonseca ya 1963 ila mvinyo umeshuka hadi katikati ya bega la chupa na foili juu inanata, pembeni kuna ya kampuni ya Taylor ya 1970 imejaa mpaka shingoni, bei zinakaribiana. Moyo unavuta 63 kwa ajili ya mwaka wa mzee.

bi_melimeli
63 ni mwaka mkubwa sana wa port lakini hiyo chupa iache. Kwa umri huo mvinyo kushuka hadi mwanzo wa shingo ni kawaida, ila katikati ya bega halafu foili inanata, maana yake kizibo kimelegea, na palipotoka mvinyo hewa imeingia. Mulika tochi nyuma ya shingo: wekundu uliopauka sio tatizo, ukiona kahawia yenye ukungu kama chai iliyolala basi.

kaka_pipa
Nabisha kidogo dada, mi nshafungua 63 ya bega ikanuka stoo iliyofungwa, nikaiacha kwenye jagi masaa mawili harufu ikatoka, tini kavu na asali tupu. Ila ikinuka siki au gundi hiyo hairudi hata uingoje mpaka asubuhi.

bi_melimeli
Sawa kaka, lakini ya zawadi hubahatishi.

nyuki_lisboa
Mbona hamumtajii port aina ya colheita ya 1963? Ile inazeekea kwenye pipa sio chupani, lebo ina mwaka wa mavuno na mwaka iliyotiwa chupani, kwa hiyo kizibo kinaweza kuwa cha juzijuzi tu. Ladha ni tofauti lakini, njugu na karameli, ule wekundu hamna.

mzigua_leeds
Mrejesho: nilichukua 1970. Nimeisimamisha siku tatu mashapo yashuke, kizibo kikabomoka kama mkate mkavu, nikachuja kwa melimeli huku nimewasha mshumaa chini ya shingo nikaacha kumimina pale pale uzi mweusi wa mashapo ulipofika, chini nimebakiza kama vidole viwili. Rangi ya tofali, karafuu, zabibu kavu, afu utamu unakaa mdomoni we acha tu. Mzee alinusa muda mrefu kabla ya kunywa, glasi ya pili kajimiminia mwenyewe. Nyuki, hiyo colheita naitafuta kwa ajili ya besidei yake.