Mada: Barua ya weva imefika nikiwa msibani Ujiji

Mama Idi (kwa sasa Ujiji)
Assalaam alaykum ndugu zangu wa Kigoma na majirani wa Tabora. Nashukuru kwa rambirambi zenu. Nimekuja na mwanangu Idi, sikuwa na wa kumwachia. Jana kaka yangu wa Columbus kafungua sanduku la barua, kakuta bahasha ya kaunti: fomu ya mapitio ya mwaka haikurudishwa, weva ya IO (Individual Options, mpango wa Ohio unaolipia huduma za mtu mwenye ulemavu akiwa nyumbani) inafungwa. Zimebaki siku sita. Nafasi ile tuliingoja miaka saba. Idi ana miaka 19, hasemi, na anayemwogesha na kumpeleka kituoni analipwa na weva hiyo. Naomba kujua: kaka anaweza kusaini kwa niaba yangu, na fomu ya idhini inaitwaje? Arobaini ya mama ni wiki ijayo, siwezi kuondoka kabla.

Baba Nyamizi (Houston)
Pole sana dada. Usiiachie hiyo nafasi. Binti yangu tulimwandikisha HCS, weva ya huku Texas, akiwa na miaka minne, leo ana 16, bado yuko kwenye orodha. Nilitaka tuhamie Minnesota, nikaambiwa weva haihami na mtu, ukivuka jimbo unaanza upya. Na SSI, ile posho ya wenye ulemavu wa kipato kidogo, uiangalie: Idi akifika siku 30 nje ya nchi inasimama, na Medicaid, bima ya afya ya serikali, inakwenda nayo. Nilipokwenda na binti Urambo kumuuguza baba yalinikuta.

Mama Riziki (Dayton)
Baba Nyamizi, usimtishe mfiwa. SSI ni ya serikali kuu, weva inaendeshwa na jimbo. SSI ikisimama, kabla ya kufuta Medicaid lazima waangalie kwanza kama anastahili kwa njia nyingine. SSI yenyewe inarudi akishakaa Marekani siku 30 mfululizo. Mama Idi, la haraka ni rufaa. Iombwe kabla ya tarehe ya kufungwa iliyo kwenye barua, na useme huduma ziendelee mpaka isikilizwe. Piga leo saa kumi jioni ya huko, Ohio itakuwa saa tatu asubuhi.

Baba Nyamizi
Sikumtisha. Nimeeleza yaliyonikuta mimi.

Kaka wa Mwanga (Minneapolis)
Mama Riziki umeacha jambo. Ukishindwa rufaa wanaweza kukudai gharama za huduma ulizopata katikati. Aamue akijua. Na mimi kinachoniuma ni kwamba Idi kalipiwa viza dola 100 kwenda kumzika bibi yake. Mjukuu wa Ujiji anaingia Ujiji kama mtalii! Uraia pacha tumeuomba mpaka sauti zimekauka.

Mama Idi
Nililipa, ndiyo. Lakini niwaambie nilichokiona. Mafundi wa mitumbwi pale ufukweni wamempa Idi kipande cha msasa, kila asubuhi anasugua ubao mpaka adhuhuri. Wakipumzika wanamnawisha mikono, wanakula naye. Hakuna aliyeniuliza ana ugonjwa gani. Ohio kutoka kwake nje kumeandikwa kwenye mpango wa huduma: Jumanne, kwa muda wa saa mbili, na mhudumu anayebadilika kila baada ya miezi michache. Jana usiku nimewaza nisirudi.

Mama Riziki
Dada, hapo sikubali. Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na mdogo wangu yuko Kasulu mpaka leo. Mwanawe ana mtindio wa ubongo, miaka 11, anambeba mgongoni. Siku ya mazoezi ya viungo ni nauli ya kwenda na kurudi, akikosa nauli mtoto anabaki mkekani. Sheria ya watu wenye ulemavu ipo tangu 2010. Asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengewa wenye ulemavu ni mkopo, na mkopo haumwogeshi mtoto. Idi anatembea, ndiyo maana amefika ufukweni. Wa mdogo wangu hatembei. Na wewe mgongo ukichoka, nani atamnyanyua Idi?

Kaka wa Mwanga
Yote mawili ni kweli jamani. Mjomba wangu alilelewa na mtaa mzima. Bibi alipokufa, mtaa ukachoka.

Mama Idi
Nimekuelewa, Mama Riziki. Nitarudi. Nilipiga simu ile saa kumi, nikawekwa kusubiri mpaka salio likaisha. Kaka amepeleka ombi la rufaa kwa mkono, wamegonga muhuri wa leo. Ila dirishani walimuuliza yeye ni nani kwa Idi, maana Idi ni mtu mzima na mlezi aliyewekwa na mahakama ni mimi. Wakaikataa fomu ya mapitio. Kwa hiyo narudia: hiyo fomu ya idhini inaitwaje, na nikiisaini hapa Kigoma itapokelewa?

Baba Nyamizi
Alhamdulillahi kwa huo muhuri. Texas sisi tuna fomu yetu, ya Ohio siijui. Mafundi wa hapo ufukweni wasalimie. Mwaka jana nilikula migebuka kwao, mke wangu bado ananiulizia.